Pafu Chini ya Ngazi

Wewe umewahi kumsikiliza baba yako akipumua kwa betri? ...hapana, huwezi kujibu, wewe ni sauti tu, watu wa shirika la umeme walikuingiza kwenye mashine siku moja ukiwa umeshakunywa chai yako na kusafisha koo, ukasema simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri, ukajiendea nyumbani, na tangu siku hiyo unawaambia hivyo hivyo watu wote wa Jacobabad, kwanza kwa Kiurdu cha watangazaji wa televisheni, halafu kwa Kiingereza cha waliosomea Karachi, Kisindhi chetu hukijui hata salamu yake, na Sorath amechuchumaa chini ya ngazi, simu ameibana kati ya sikio na bega mpaka shingo imekakamaa, mkono wa kulia ameshika kipimo cha betri, ule mrija wa kioo wenye mpira mwekundu kichwani, na ukutani juu yake inverta inalia tii... kimya... tii... kama kifaranga aliyeachwa na mama yake, na kila ikinyamaza yeye naye anasahau kuvuta pumzi mpaka ilie tena. Simu yako ni muhimu kwetu. Ndiyo, tumesikia, ni muhimu. Umeme ulikatika asubuhi Baba akiwa ameshika kikombe, akasema, haya, wakubwa wameamka, na watu wakacheka, maana Baba akitania ndipo nyumba hii inapojua kwamba ana pumzi ya kutosha, na inverta ikaingia kazini kwa ule mguno wake, na mashine ya oksijeni ikaendelea bila kukatika, shuuu... tak... shuuu... tak, anaisikia hata sasa kupitia ukutani, na feni zote amezizima, friji ameichomoa, balbu ya chooni ameichomoa kabisa kwa kuogopa mtu asiiwashe kwa mazoea, ili kile kidogo kilichobaki kiende chumba cha mbele peke yake, kwa Baba, na nje jua la Juni linakaanga bati, na hata mjusi wa dari ameteremka ukutani kutafuta sakafu. Silinda ya akiba ipo, ndiyo, imesimama mlangoni tupu kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia karibu, Manthar, kaka yake Sorath, aliibeba jana kwa pikipiki akarudi nayo vilevile, kule wanakojaza nako hakuna umeme, mwenye duka amekaa kibarazani anajipepea kwa kipande cha boksi, akamwambia, ndugu yangu, hata mimi hapa nasubiri hewa. Tii. Kwenye kioo kidogo cha inverta kuna picha ya betri yenye vijiti, vimebaki viwili, na hicho cha juu kimeanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kama jicho la mtu anayepambana na usingizi, na hii si haki, si hesabu, betri mbili kubwa kiasi hiki, zikishiba, zingemshika Baba kuanzia chai ya asubuhi mpaka sala ya alasiri na bado zikabaki na la kusema, na sasa hata adhuhuri haijaadhiniwa, zinakwenda wapi nguvu, nani anazinywa?

Krrr... krrr... huyo ni Manthar uani, anavuta kamba ya jenereta, inakohoa, inatema moshi kidogo, inakata, anaitukania mama yake, halafu anakumbuka kwamba Amma, mama yao, yuko dirishani, anaitukania mjomba wake. Petroli aliyonunua kwa yule mwenye chupa barabarani ina maji, Sorath aliijua kwa harufu tu, lakini akisema ataambiwa anajifanya anajua, na ukweli ni kwamba anajua, ndiyo ubaya wenyewe, miaka yote ile chuoni akihesabu mikondo na volti kwa taa ya mshumaa, na leo ujuzi wake wote umekuja kuishia hapa, chini ya ngazi, kati ya magunia ya mchele na baiskeli mbovu, akimlinda mzee mmoja. Wahandisi wa nyumba nyingine wako Dubai, huyu wa nyumba hii yuko chini ya ngazi. Na kwa nini yuko hapa, kwa sababu ya Manthar, kaka mkubwa, nguzo ya ukoo, ambaye alipewa kazi moja tu, moja, kila mwezi ukiandama afungue vizibo, aangalie kielea, kikiwa chini aongeze maji ya betri, yale ya dukani, ya kwenye dumu la buluu, si mengine, Sorath alimwonyesha kwa mkono, akamwonyesha tena, Manthar akasema, nimeelewa, injinia, usinifundishe kama mtoto, na asubuhi hii alipomuuliza, akajibu huku anajifunga shuka kiunoni, "Sijatia hata tone tangu Idi, Sorath, mambo yamenizidi," akalisema hivyo hivyo, jepesi, kama mtu anayesema sijanyoa ndevu, na Sorath akamwambia maneno, mbele ya mkewe akamwambia, kwamba yeye hata akipewa jiwe alitunze litamfia mikononi, na Manthar akachukua dumu la petroli akatoka, na yale mabega yake yakitoka mlangoni... usiyafikirie mabega. Alistahili. Betri zimekauka, mabamba ya risasi yameachwa uchi yamekaushwa kama nyama ya kuanika, ndiyo maana zinakata, na sasa yeye ndiye wa kufungua vizibo na kuona maiti. Tafadhali subiri, wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine. Wateja gani, katika nchi gani? Labda wanamhudumia yule mpwa wa mwenye mashamba, ndiyo, huyo hawezi kusubiri kwenye laini, huyo ndiye laini yenyewe, kazi ilikwenda kwake, ile kazi ya kituo cha umeme, Sorath aliingia chumba cha usaili na vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi, wanaume watatu nyuma ya meza, na juu ya kila mmoja feni yake, wakamuuliza, binti, utapanda nguzo na hiyo shela yako? Akasema, nguzo haina macho, sain, waheshimiwa. Mmoja akacheka, wa pili akatazama saa, wa tatu akasema, ulimi huu na nguzo zetu, hapana, vitapigana shoti. Na kijana waliyempa alikuwa akinakili kwake kwenye mitihani ya saketi, na hata kunakili alinakili vibaya, alama ya kutoa akadhani ni mkwaruzo wa karatasi, na huenda ni yeye leo aliyekaa kule na soda baridi, kidole chake kinatembea juu ya swichi, mtaa huu uwake, mtaa huu uzime, na huu, na huu... Tii... tii. Imeongeza kasi au ni moyo?

Kizibo cha kwanza kigumu, vidole vinateleza kwa jasho, Amma aliitia shahada ya Sorath kwenye fremu ya kioo na kabla ya kuitundika juu ya friji akaisomea aya na kuipulizia, fuu, mara tatu, Amma hupulizia kila kitu, pikipiki ya Manthar, sufuria ya dengu, dawa za Baba kabla hazijatoka kwenye karatasi, ile simu ya kuitwa usaili pia aliipulizia, na tazama ilivyofaa... haya, kimefunguka. Anainamisha kichwa, anamulika kwa tochi ya simu bila kuitoa sikioni, amejiandaa kuona ukame, mabamba meupe, ufa, na badala yake maji. Maji yako juu. Yamefika shingoni mwa tundu, yametulia, yanamwangalia. Anafungua cha pili, maji. Cha tatu, maji mpaka yanataka kumwagika, na sasa ndipo anapoona kwamba vielea vyote vimesimama wima, vyote, safu nzima, kama askari wa gwaride, na hakuvitazama alipokuja kwa sababu alikuwa amekwisha kujua atakachokiona. Kwa hiyo Manthar ni mwongo? Lakini mtu husema uongo kwamba ametia, hakuna anayesema uongo kwamba hakutia, nani ajitafutie tusi bure? Krrr... krrr... mabega yale. Anaminya mpira, anachovya mrija, anaachia, maji yanapanda ndani ya kioo na si maji ya betri haya, ya betri huwa kama machozi, haya yana rangi ya chai iliyosuuziwa kikombe, na kielea kidogo ndani ya mrija hakikupanda hata kwa kujaribu, kimezama mpaka kwenye mstari mwekundu, wa betri isiyo na nguvu, na kulala pale. Anachovya tundu la pili, kimelala. La tatu, kimelala. Na kuna harufu. Chini ya ule ukali wa kawaida wa asidi kuna harufu nyingine, kama shuka za hospitali, kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, aliisikia jana akadhani mke wa Manthar anafua, na aliisikia wapi tena... maabara, nje ya maabara, mwalimu aliwatoa uani wasimame upande wa upepo, akatia chumvi ya jikoni kwenye betri moja kuukuu iliyo kwenye chaji, akasema, tazameni, hivi ndivyo betri inavyouawa polepole, inakula chumvi inapumua sumu, ukiiwekea chumvi haifi leo, inakufa ukiwa unaitegemea. Chumvi. Nani katika nyumba hii atie chumvi kwenye... na pampu ya mkono uani, maji yake, yale maji yanayoacha utando mweupe kwenye ndoo, yanayopasua midomo, yanayofanya hata punda wa muuza maji aguse kwanza kwa ulimi na kufikiri. Hapana. Tafadhali subiri. Sisubiri, kuna kitu juu ya mfuniko wa betri, kijivu, laini, anakigusa kwa kidole kinavunjika kuwa vumbi, majivu, si ya sigara, haya yameanguka kwa mstari mwembamba, kipande kwa kipande, kama yanavyoanguka ya kijiti cha ubani, na kwenye waya mwekundu kuna uzi umefungwa, wa kijani, mafundo matatu, aliwahi kuuona akadhani ni alama ya fundi. Uzi wa kaburi la walii. Ubani hapa, juu ya betri zikiwa kwenye chaji, zikichemka, zikitoa ile hewa isiyoonekana inayotaka cheche moja tu ilipuke, na Alhamisi zote zile yeye amelala juu na simu usoni akitafuta kazi, ananusa ubani mtamu unapanda ngazi, anasema moyoni, Amma anamwombea Baba.

Na hapo inamrudia siku betri zilipoletwa, zilibebwa kama bibi harusi, watu wanne, na Baba akaja na mpira wake wa oksijeni puani akiuburuta nyuma, akagonga mfuniko kwa kiganja, akamwambia Amma, "Zebu, njoo umsalimie mwenzangu. Hili ndilo pafu langu la pili, limewekwa chini ya ngazi kwa sababu halina adabu, na daktari wake ni binti yako. Halitaki nyama wala mkate, linakunywa maji tu, na lina kiu kunishinda mimi," watu wakacheka, Manthar akacheka mpaka akakaa, Baba alikuwa bado na pumzi ya sentensi ndefu siku zile, miaka yote kwenye kinu cha mchele, vumbi la pumba limemjaa kifuani na bado ana nafasi ya mzaha, na Amma hakucheka. Sorath anamwona sasa, amesimama na ncha ya ushungi mdomoni, analitazama lile sanduku jeusi kama mwanamke anayemtazama mke mwenza, halafu si hivyo, halafu kama anayemtazama mkunga. Hakucheka kwa sababu yeye peke yake alikuwa anasikiliza... "Bijli! Bijli imekuja!" hao watoto wanautangaza umeme, sauti zinatoka barabarani, na kamba ya Manthar inanyamaza uani, hata kuta zinasikiliza, Sorath anainua macho kwenye ile taa ndogo ya kijani ya inverta ambayo umeme ukirudi huwaka, waka, waka basi... tii. Ni mtaa wa pili. Ni upande wa nyumba za maofisa, laini yao nyingine, pale feni zinaanza kuzunguka, mtu anasema ahaa na kujinyoosha, na kati yao na Baba ni ukuta wa matofali, mtaro na nguzo moja. Krrr, Manthar anaanza tena. Hatukani sasa. Hilo ndilo linalotisha, kwamba hatukani. "Injinia," sauti ya Baba kupitia ukutani, nyembamba, na katikati ya neno mashine inasema tak, "leo... tunapumua... kwa volti ngapi?" Kila siku huuliza, ni mchezo wao, naye kila siku humpa tarakimu ya kweli na Baba huipigia saluti, na sasa tarakimu iko mbele ya macho yake kwenye kioo cha inverta na ulimi wenyewe, ule ulioshinda nguzo, umejikunja. "Zinatosha, Baba," anasema. Shuuu... tak. "Hiyo... si tarakimu," Baba anasema, na haongezi kitu, na Baba ambaye haongezi kitu si Baba.

Miguu mitupu kwenye sakafu, bila kugeuka anajua ni ya nani, bangili mbili za fedha zinagongana, na Amma amesimama pale na kikombe cha bati mikononi, amekishika kwa vyote viwili, midomo inatembea, amefika kati ya aya, anamaliza, anainama, fuu juu ya maji, halafu anauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, "Limekubali?" Sorath anauliza kitu gani, Amma, na anajua. "Hilo pafu. Sogea kidogo, mwanangu, koo limelikauka. Husikii linavyolia?" Tii... tii. Husikii linavyolia. Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa, siku zote zile, kila umeme ukikatika na inverta ikaanza kulia Amma amekuwa akitoka na kikombe chake kama anayeamka kwa mtoto, na Amma sasa anaeleza, polepole, kwamba mwanzo alikuwa akiogopa, lakini aligundua siku moja, lililia, akalipa maji ya kusomewa kidogo, mara likanyamaza na feni zikaanza, tangu hapo hajaacha, anachota mwenyewe pampuni kwa sababu maji ya kununua yana mikono ya watu, analisomea tangu alfajiri, Alhamisi analifukizia, na wala asimwambie Manthar, Manthar atacheka, na wewe naye na vitabu vyako. Alikuwa na aibu kidogo alipolisema hilo, Amma, akafuta ukingo wa kikombe kwa ushungi. "Ila leo limekunywa sana na bado linalia," akasema. "Labda nimekosea mahali kwenye kusoma." Na Sorath ana maneno, ana shahada nzima ya maneno, anaweza kumwambia sasa hivi kwamba hujakosea kusoma, Amma, umekosea maji, umelisha chumvi kifua cha mumeo kikombe kwa kikombe, anaweza kumwambia na itakuwa kweli, kweli kila neno, na mwanamke huyu ataishi miaka mingine ishirini na kweli hiyo akiibeba kama kikombe hiki, kwa mikono miwili. Tafadhali subiri. "Hujakosea," Sorath anasema. "Nipe, nitalinywesha mimi. Wewe kakae na Baba, mshike mkono, umwambie umeme uko njiani." Amma anamtazama, anampa. "Taratibu," anasema, "na bismillahi kwanza," na bangili zinarudi zilikotoka, na Sorath amebaki na simu begani, mrija mkono huu, kikombe mkono huu, na matundu ya betri yako wazi mbele yake yakisubiri, na kikombe hakina pa kuwekwa, kikiwekwa chini Amma atakiona, kikimwagwa Amma atausikia mlio wake, basi anasema bismillahi na kukinywa. Chote. Chumvi mpaka kwenye mizizi ya meno, uvuguvugu wa mikono ya Amma bado uko kwenye bati, unashuka kifuani, unakaa pale.

Kijiti kimoja. Hakuona kile kingine kilipozimika, kilizimika wakati anakunywa, sasa kimoja na chenyewe kinapepesa, na ile hasira aliyoamka nayo, ambayo asubuhi aliipandisha kwenye mabega ya Manthar ikakaa vizuri kabisa kama tandiko kwenye punda, inazunguka nyumba nzima inatafuta pa kukaa na hakuna, Manthar anavuta kamba mpaka viganja vitoke damu, Amma anamshika Baba mkono, Baba anahesabu tak na tak, na kesho akiulizwa atasema betri zilizeeka, atasema kiwanda kibovu, atamwomba Manthar radhi bila kumwambia kwa nini ameomba, na matone yaliyobaki ya ile chumvi atayabeba mwenyewe. Kesho. Mtu anapataje kufika kesho kwa kijiti kimoja. Lakini hasira haifi, ni kama mkondo, ikizibwa hapa inatafuta waya pale, inapanda ukutani, inapita juu ya inverta, inatoka dirishani kwenye joto, inaufuata ule waya uliolegea mpaka kwenye nguzo, kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, inapita juu ya nyumba za maofisa zenye feni, inafika kituoni, inaingia ofisini, kuna meza na feni tatu, na chini ya feni... muziki wa simu unakatika. Kitu kinakwaruza. Mtu anakohoa, mtu wa kweli, kijana, na nyuma yake, wazi kabisa, vrrr, feni. "Naam, kituo cha malalamiko." Sorath amesahau kwamba simu ina upande wa pili. Anasema mtaa, anasema umeme haupo tangu asubuhi, anasema kuna mgonjwa wa oksijeni, na kijana anamsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya mji mwingine, anauliza namba ya mita, anapewa, anasema ahaa, ile laini, hiyo si hitilafu, dada, mmezimwa makusudi, laini yenu ina hasara, watu huko wananing'iniza waya usiku wanaiba, kwa hiyo zamu yenu ya giza ni ndefu, mpaka jioni, ndiyo utaratibu. Sorath anasema nyumba hii haijaiba hata mwanga wa kuangazia ufunguo. Kijana anacheka kidogo, si kwa ubaya, hilo ndilo baya zaidi, si kwa ubaya. "Laini haijui nani anaiba, dada," anasema. "Laini haina macho. Nikuandikie namba ya malalamiko?" Haina macho. Tii, tii, tii, sasa haina kimya katikati, na uani kamba ya Manthar, krrr, na ukutani shuuu... tak... shuuu, na ile tak imechelewa, imechelewa, ikaja. Anaitoa simu sikioni, anainyanyua, anaielekeza ukutani, kwenye mlio, kwenye mashine, kwenye kamba, chumvi iko kinywani, halafu anairudisha mdomoni na sauti inayotoka ni ya chini, ya mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. "Sitaki namba," anasema. "Washeni laini hii sasa hivi, baba yangu angali anapumua. Na kama hamuiwashi, usikate simu. Kaa hapo hapo chini ya feni yako, usikilize mpaka mwisho."